Runinga ya chumba kimoja: Ipime kabla hujaipakia kwenye basi

KATIKA chumba cha futi kumi kwa kumi kila kitu kina mahali pake. Kitanda kimeegemea ukuta mmoja, jiko la gesi liko karibu na mlango, kabati limebanwa kwenye kona, na ukuta unaobaki ndio wa runinga. Dar es Salaam wenyewe wanakiita geto, Nairobi ni bedsita, Kampala ni muzigo. Majina ni matatu lakini mpangaji ni mmoja: kijana mwenye kibarua au mama mwenye genge, aliyedunduliza fedha kwa miezi kadhaa na sasa anataka runinga inayoingia intaneti.

Mpangaji huyo ndiye anayempeleka mfanyabiashara Kariakoo, Luthuli Avenue au Kikuubo, na kumrudisha kupitia Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo akiwa na maboksi matano, nane au kumi. Na kwa kuwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 limekabidhiwa kwa pamoja Kenya, Tanzania na Uganda, wengi wanahesabu kwamba wateja watazidi.

Hesabu yenyewe haina nafasi ya kukosea. Tuseme mfanyabiashara amenunua runinga kumi za aina moja na faida yake kwa kila moja, baada ya nauli na ushuru, ni sehemu moja ya kumi ya alichotumia. Ikipasuka kioo moja tu, faida ya zile tisa zilizobaki haitoshi kuziba pengo. Hapo bado hajarudi mteja anayelalamika kwamba runinga haishiki chaneli, au kwamba programu ya filamu haifunguki. Kwa hiyo suala la runinga ipi inafaa chumba kidogo si la mpangaji peake. Limelala juu ya mtaji wa aliyeivusha mpaka.

Inchi 43 zinatosha, 4K inasubiri

Futi kumi ni karibu mita tatu. Mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda, au aliyejiegemeza kwenye mto, anakuwa mita 1.8 hadi 2.2 kutoka kwenye kioo. Umbali huo ndio wa kuanzia, kabla ya bei na kabla ya jina la kampuni.

Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi. Ikiwa ni ya Full HD, upana huo umegawanywa nukta 1,920, na kila nukta inakuwa karibu nusu milimita. Jicho zima linaweza kuzitenganisha nukta za ukubwa huo hadi umbali wa takriban mita 1.7. Ukirudi nyuma zaidi zinaungana na kuwa picha moja laini. Runinga ya 4K yenye ukubwa huohuo ina nukta 3,840 kwa upana, kila moja robo milimita, na ili jicho lifaidi tofauti hiyo yote, mtazamaji asogee hadi sentimita 85. Maana yake ameshuka kitandani na kusimama mbele ya kioo kama anayesoma tangazo la mnada.

Ndiyo maana 4K katika inchi 43, kwa chumba cha namna hii, ni fedha inayolipwa bila kuonekana. Muuzaji atasema runinga za 4K mara nyingi huja na prosesa yenye nguvu zaidi, na kwa hilo hakosei. Kama tofauti ya bei ni ndogo, si dhambi kuichukua. Lakini asimbebeshe mteja gharama ya bando pia. Netflix yenyewe inakadiria kwamba kutazama kwa kiwango cha kawaida kunakula hadi gigabaiti 1 kwa saa, HD hadi 3, na 4K hadi 7. Filamu ya saa mbili kwa 4K inaweza kumaliza gigabaiti 14, na wapangaji wengi wa geto wanatumia bando la simu.

Neno HDR lililoandikwa kwa rangi za upinde wa mvua kwenye boksi lisimtishe mtu. HDR inahitaji kioo chenye mwanga mkali ili sehemu ya jua ing'ae na ya kivuli ibaki na kina. Runinga nyingi za bei ya kati zina mwanga wa niti 200 hadi 300. Zinaipokea HDR, naam, ila nguvu ya kuionyesha hazina.

Vipi kuhusu kwenda juu, inchi 50 au 55, kwa kuwa ukuta upo? Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Chaneli nyingi zinazopokewa kwa antena katika ukanda huu bado zinarushwa kwa kiwango cha kawaida cha nukta 720 kwa 576. Hizo ni nukta 414,720 kwa jumla. Kioo cha Full HD kina 2,073,600, mara tano kamili. Yaani katika kila nukta tano, nne runinga imezikisia. Kioo kikiwa kikubwa na mtazamaji yuko karibu, makisio hayo yanaonekana wazi: nyasi za uwanjani zinageuka uji, namba za jezi hazisomeki, mpira unaacha mkia. Mtu aliyenunua inchi 55 kwa chumba cha futi kumi atazilaumu macho yake, kisha atamlaumu aliyemuuzia.

Inchi 32 nazo zina wateja wake, na hawapaswi kudharauliwa. Kwa chumba cha futi nane, au kwa mteja wa kijijini anayetegemea sola, ndizo zenye akili. Nyingi ni za HD ya nukta 1,366 kwa 768, na kutoka mita 1.8 jicho haliulizi zaidi. Zipo pia zinazokubali umeme wa betri wa volti 12 moja kwa moja bila inveta, na bidhaa hiyo hutafutwa sana mbali na nguzo za umeme.

Kupima ukubwa ni kazi ya futi kamba, si ya boksi. Inchi 43 ni sentimita 108 au 109 kutoka kona hadi kona ya kioo kinachowaka, bila kuhesabu fremu. Inchi 32 ni kama sentimita 80. Ikipungua milimita chache ni kawaida ya viwanda. Ikipungua sentimita saba au nane, hiyo ni inchi 40 iliyovalishwa boksi la 43.

Simama pembeni

Dukani runinga hutazamwa kutoka mbele. Nyumbani haiko hivyo. Mmoja amelala kitandani, mwingine yuko kwenye stuli karibu na mlango, mtoto yuko sakafuni. Katika chumba kidogo karibu kila mtu anatazama kwa pembe.

Vioo vya runinga za bei hii ni vya aina mbili kuu. Vya IPS vinahifadhi rangi hata ukiwa pembeni, lakini weusi wake ni wa kijivu taa zikizimwa. Vya VA vina weusi mzito unaopendeza usiku, ila ukisogea pembeni rangi zinafifia na sura za watu zinapauka. Boksi haliandiki ni kioo cha aina gani. Njia rahisi ni kuomba runinga iwashwe, iwekwe picha yenye sura ya mtu, kisha usogee hadi usawa wa ukingo wake. Ikipauka mno, hiyo imuendee mteja anayeishi peke yake. Na kwa kuwa vyumba vingi vina mlango mmoja unaoachwa wazi mchana, angalia pia kama kioo kinameta kama kioo cha kujitazamia. Kilichofifishwa kidogo ni bora.

Sauti isimsumbue mtu. Spika mbili za wati nane au kumi zinajaza chumba cha futi kumi na kumfikia jirani.

'Smart' ya kweli na ya bandia

Hapa ndipo malalamiko mengi huzaliwa. Runinga za kampuni kubwa zina mfumo unaojulikana: Samsung hutumia Tizen, LG hutumia webOS, Hisense hutumia VIDAA katika matoleo mengi, TCL, Skyworth na Sony hutumia Google TV au Android TV. Mifumo hii imeidhinishwa, hivyo YouTube, Netflix na Prime Video zinafanya kazi na zinapata masahihisho.

Lakini zipo runinga nyingi zilizopewa Android ya wazi, ile ya simu au ya kishikwambi, ikanyooshwa hadi ikajaa kioo. Kwa nje zinafanana. Zina picha za programu zote maarufu kwenye ukurasa wa mbele. Ukibonyeza ya Netflix, ama haifunguki, ama inafunguka kwa toleo la simu linalohitaji kipanya, ama inaonyesha picha ya chini isiyozidi mistari 480 kwa sababu mashine haina kibali cha ulinzi wa filamu. Mteja aliyelipia Full HD anaona ukungu, na hakuna fundi wa kumtengenezea.

Jaribio ni la dakika tano na lifanyike dukani. Washa intaneti ya simu yako, iunganishe runinga, fungua YouTube, tafuta video yoyote ya muziki na uipandishe hadi 1080p. Halafu ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za mashine, usome toleo la mfumo na nafasi ya kuhifadhia. Ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 1 na hifadhi ya 8, fahamu kwamba mfumo wenyewe umeshakula karibu nusu ya hifadhi hiyo, na baada ya programu chache mwendo utakuwa wa kobe. Gigabaiti 1.5 au 2 kwa 16 ni afadhali sana kwa mtu atakayekaa nayo miaka mitano.

Kuna kikwazo kingine kidogo kinachorudisha runinga nzima dukani. Runinga nyingi za bei ya kati zinapokea Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu. Simu nyingi mpya zinaweza kurusha intaneti kwa gigahezi 5. Mteja anawasha hotspoti, runinga haioni kitu, naye anahitimisha kwamba ni mbovu. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya simu na kubadili masafa ya hotspoti. Mfanyabiashara anayelijua hili anaokoa safari ya kurudi Arusha.

Mifumo ya Google TV na Android TV ina lugha ya Kiswahili, na wanaovusha kwenda Goma au Bukavu watakuta pia Kifaransa. Ni vizuri kumwekea mteja lugha anayoitaka kabla hajaondoka.

T2, plagi na umeme

Nchi za Afrika Mashariki zilihama kutoka matangazo ya analojia kwenda dijitali kwa kufuata mkataba wa kimataifa uliofunga mlango Juni 17, 2015. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya zamani Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na Kenya ikakamilisha kwake mwaka 2015. Kiwango kilichochaguliwa ni DVB-T2. Runinga yenye herufi hizo inashika chaneli za bure kwa antena bila king'amuzi, iwe Mwanza, Kisumu au Mbarara. Zile za kulipia zimefungwa kwa siri na bado zinahitaji king'amuzi cha kampuni husika.

Herufi T2 ndizo za kutafuta nyuma ya runinga, si kwenye boksi pekee. Iliyoandikwa DVB-T bila namba 2 haitashika. Iliyotengenezwa kwa soko la ndani la China hutumia DTMB, ya Japani ISDB-T, ya Marekani ATSC, na zote hizo zikifika huku zinakuwa vioo vya kuchomekea king'amuzi na flashi. Ikiwa na S2 pia, ni nyongeza kwa mwenye dishi. Usikubali kuambiwa tu. Chomeka antena na usake chaneli.

Umeme wa ukanda huu uko kati ya volti 220 na 240, na runinga nyingi hukubali kuanzia 100 hadi 240. Plagi ndiyo inayobadilika. Kenya, Uganda na Tanzania wanatumia ya miguu mitatu ya mstatili. Rwanda, Burundi na Kongo wanatumia za miguu ya duara. Maboksi kumi yanayokwenda Bujumbura bila adapta yanamfanya mteja akate waya na kuunganisha kwa mkono, na dhamana inakufa siku hiyohiyo.

Runinga ya inchi 43 inakula kama wati 70. Ikiwashwa saa tano kwa siku, mwezi mzima ni uniti 10 na nusu. Mpangaji anayechangia luku au tokeni na vyumba vingine atataka kuijua namba hiyo, maana ugomvi wa umeme katika nyumba za kupanga haujawahi kukosa sababu.

Adui mkubwa ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kinga, kile mafundi wanachokiita gadi, kiuzwe pamoja na runinga, kisiwe ombi. Na mteja aambiwe ashushe mwanga wa nyuma hadi asilimia 60 au 70. Runinga nyingi zinazofika kwa fundi zikiwa na sauti bila picha, taa zake za nyuma zimeungua kwa sababu tangu siku ya kwanza zilikuwa zinawaka kwa nguvu zote. Ukimulika kioo kwa tochi unaona picha hafifu; basi ni taa, na zinabadilishika. Kioo kikipasuka ni habari nyingine, kwani bei yake mara nyingi inakaribia ya runinga mpya.

Mpakani si kila kitu ni 'kidogo'

Wafanyabiashara wengi wanaujua Utaratibu wa Biashara Uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mwenye shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani kupita kwa cheti cha uasili kinachotolewa palepale mpakani. Kinachosahaulika ni nusu ya pili ya sharti. Bidhaa lazima iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Runinga iliyoundwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kupita Bandari ya Mombasa au kukaa mwezi mzima kwenye ghala la Kariakoo. Risiti ya duka inathibitisha mahali iliponunuliwa, haithibitishi ilikotoka. Hivyo hata boksi moja la biashara linatakiwa kutangazwa, na anayefikiri thamani ndogo inamlinda atashangaa.

La pili ni kodi ya ongezeko la thamani. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi wanatoza asilimia 18. Kenya na Kongo asilimia 16. Bei ya duka la Kariakoo imeshabeba kodi hiyo. Mfanyabiashara akivuka Mutukula bila nyaraka za mauzo ya nje, anatozwa tena asilimia 18 upande wa pili, na ile ya kwanza haimrudii. Sheria za nchi hizi zinaweka mauzo ya nje kwenye asilimia sifuri, lakini nafuu hiyo inampata anayenunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na kusafirisha kwa tamko rasmi la forodha. Kwa maboksi mawili huenda gharama ya wakala ikameza nafuu yote. Kwa kumi, au kwa wafanyabiashara watatu wanaokusanya mizigo yao pamoja, hesabu inaanza kuleta maana. Kabla ya kufurahia kwamba Dar ni rahisi kuliko Kampala, bei zilinganishwe baada ya kodi ya pande zote mbili.

Risiti iwe ya mashine: EFD Tanzania, eTIMS Kenya, EFRIS Uganda, EBM Rwanda. Karatasi ya kuandika kwa kalamu haimsaidii mtu mbele ya ofisa, wala mbele ya muuzaji anapokana bidhaa yake. Nembo ya ubora ya nchi inakokwenda nayo iulizwe mapema. TBS, KEBS na UNBS kila mmoja ana masharti yake.

Dhamana ndiyo inayouma zaidi, kwa kuwa kwenye boksi imeandikwa miezi 12 au 24 kwa herufi kubwa na mteja ameisoma. Mara nyingi dhamana hiyo inatolewa na msambazaji wa nchi moja. Runinga iliyonunuliwa Nairobi ikiharibika Moshi, kituo cha Moshi kinaweza kuikataa hata kama jina la kampuni mlangoni ni lilelile. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, na jibu liandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya siri ya kila runinga. Asipokubali kuandika, mfanyabiashara ajue dhamana ni yeye mwenyewe, na bei yake aipange hivyo: pengine kumpa mteja siku saba za kubadilishiwa na fundi anayeaminika baada ya hapo, kuliko kumwachia karatasi isiyo na ofisi.

Usafirishaji nao. Boksi lisimame wima kama linavyosimama dukani, katikati ya vitu laini, uso wa kioo usielekee chuma. Likilazwa chini ya mifuko ya mchele kwenye buti la basi, kioo kinapindika kwenye tuta la kwanza, na ufa unaonekana siku ya kuwashwa tu, kilomita mia nne kutoka dukani. Kwa sababu hiyo wanaojua kazi huwasha kila runinga mara mbili: mbele ya muuzaji kabla ya kufunga boksi, na mbele ya kondakta wakati wa kushusha, kabla basi halijaondoka.